Kumpisha Mzee Uwanjani

Baba aliniambia nijiandae Jumamosi. Mzee mmoja wa Kajiado mwenye ofisi ya kuuza mashamba, rafiki yake wa kanisani, alikuwa na nafasi ya kazi na angependa kuniona. Tungeonana nyuma ya nyumba yake, katika chumba kirefu cha kuta nne alichojenga aliporudi kutoka Marekani. Huko ndiko alikojifunza raketboli, mchezo wa watu wawili wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, na hakuwa amepata mtu wa kucheza naye.

Niliusoma mchezo kwenye simu, wiki nzima. Anayeanzisha huudundisha mpira chini mara moja, kisha huupiga ugonge kwanza ukuta wa mbele na kurudi nyuma ya mstari wa katikati. Mwenzake lazima aupige kabla haujadunda mara ya pili, nao ufike ukuta wa mbele bila kugusa sakafu. Unaweza kupitia kuta za kando, hata dari. Pointi hupata aliyeanzisha tu. Mwingine akimshinda hapo, anachopata ni zamu ya kuanzisha. Wa kwanza kufika kumi na tano ndiye mshindi. Na mwenzako akiwa karibu kiasi cha kuweza kumgonga, unazuia mkono, mnarudia.

Sheria hiyo ya mwisho niliitafuna sana. Nikizuia mkono, si ni kama namwambia mzee amenizibia njia? Nikimgonga je? Nikimshinda, ataniajiri kweli? Nikishindwa vibaya, ataniona mlegevu?

Nilipofika niliinamisha kichwa akanigusa utosini, jinsi wazee wa huku wanavyosalimiwa. Akanipa miwani ya plastiki na kunifunga kamba ya raketi mkononi. Mambo yakaharibika mara moja. Anayeanzisha husimama mbele, akimpa mwenzake mgongo, nami sikuweza kumpa mtu wa rika la baba yangu mgongo. Kila mara niligeuka, na mpira ukanipita. Akisogea upande wangu, nilijibana kwenye kona. Katikati ya uwanja, ambako ndiko mchezo unakochezewa, kukawa kwake peke yake.

"Kijana, mbona unanipisha kama tuko mlangoni?"

"Pole, mzee."

"Sasa hata pole umeleta huku ndani," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Alifika kumi na tano mimi nikiwa na mbili. Mke wake alipotumiminia chai, bado nilikuwa nikipima kila pointi imesema nini juu yangu. Nilikuwa hata nimetayarisha jibu la lile swali la mahojiano kuhusu udhaifu wangu na jinsi ninavyoufanyia kazi. Hakuniuliza. Mwishowe nikaitaja ile kazi mwenyewe.

"Kazi gani?" Alifikiri kidogo. "Ah, ile. Niko na kijana wa dada yangu hapo tangu mwezi uliopita. Si nilimwambia baba yako?"

Kisha akaniuliza kama Jumamosi inayofuata niko na nafasi.

Nilimkuta baba dukani kwake Kitengela, akipanga mifuko ya simiti. Kitu cha kwanza alichotaka kujua ni kama nilimwachia mzee ashinde. Nilimwambia najua kwamba alijua kazi imeshachukuliwa. Hakukana. Alisema mzee anahitaji kunizoea, ili siku nyingine nafasi ikitokea anikumbuke mimi kwanza.

"Lakini mimi niko na digrii, baba."

"Na yule mwingine ako na mjomba," akasema, akainua mfuko mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilienda. Bado naenda. Hakuna nafasi iliyotokea, na mzee huniuliza habari za baba, habari za mvua upande wa Kitengela, kisha tunaingia ndani. Siku hizi naweza kumshinda. Nasimama katikati, nampa mgongo, mkono wangu umekuwa mwepesi. Najua mpira upi nikiufikia utamaliza mchezo, na huo nauacha udunde mara ya pili.