Nilimzika Mama Kwenye Wimbo wa Nne

Siku albamu yangu ilipotoka, mtu wa kwanza kuizima alikuwa mama yangu mzazi.

Hakufoka. Alinyoosha mkono, akabonyeza spika, kimya.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilikufa lini?"

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mtaani waliniita Msumeno. Nilikuwa nachana mistari kuhusu nilichokijua: mama fundi cherehani, chumba na sebule, mimi na dada tumelala katikati ya marobota ya vitambaa. Nyimbo tano za mwanzo nilirekodi chumbani kwa rafiki, tumetundika magodoro ukutani. Zikasambaa balaa. Watu wakasema huyu atafika mbali.

Ndipo akaja meneja. Miwani myeusi, maneno matamu.

"Mama fundi cherehani haiuzi," akaniambia studio. "Watu wanataka kulia. Wape yatima."

"Lakini bosi, mama yupo."

"Nani anamjua?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Kicheko hicho kinanichoma mpaka leo.

Tukarekodi nyimbo kumi na nne. Nikajifanya nimelala stendi, nikajifanya nimefungwa jela. Wimbo wa nne nikamzika mama nikiwa na miaka tisa, mvua inanyesha, sina viatu.

Na sasa tulikuwa sebuleni, mchana kweupe, majirani wamejaa, dada ameazima spika. Mama amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo.

"Ni sanaa tu, mama."

"Haya," akasema, akaingia chumbani.

Majirani wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeniangalia usoni. Nami nikarudi kwenye chumba alichonipangia meneja.

Albamu ikadoda. Watu walioisubiri mwaka mzima wakaandika, "Huyu siye Msumeno wetu. Butu kabisa." Nikajipa moyo, wataizoea.

Siku ya nne ikatokea picha mtandaoni. Mama yuko kwenye cherehani, anatabasamu, futi ya kupimia iko shingoni. Chini wameandika: "Marehemu yuko kazini. Leteni vitambaa."

Nikaisha.

Watu walicheka mpaka redioni. Maonyesho yote yakafutwa. Meneja nikimpigia, simu inaita mpaka inakatika. Kumbe yuko kwenye mahojiano, anasema hata yeye nilimdanganya.

Sikula. Sikuoga. Nilizunguka mtaa mzima kumtafuta aliyeniua kwa ile picha. Nilimkunja muuza vocha shati, maskini wa watu, hajui hili wala lile.

Mwisho nikamwendea dada.

"Ni wewe?"

"Kupiga nilipiga mimi," akajibu, hajainua macho. "Maneno ni ya mama. Yeye ndiye aliyesema tuma."

Nikaondoka mbio kwenda kwa mama.

Nilimkuta mama anapiga pasi sare za shule. Nikapiga magoti.

"Mama, umenimaliza."

"Mama yako mdogo alisikia kipande tu cha wimbo wako redioni, akadhani nimezikwa," akasema. "Simu yangu ilikuwa haina chaji. Akasafiri siku nzima analia. Kufika, ananikuta nakata suruali, akaanguka pale mlangoni."

Akaweka pasi chini.

"Nilikungoja siku tatu uje useme mwenyewe kwamba niko hai. Siku tatu, mwanangu. Hukuja."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Hakunigusa. Alimalizia sare, akazikunja, akaniambia nizipeleke kwa mteja.

Mwaka umepita. Nimerudi kwa mama: napachika vifungo, nakata uzi, nabeba mizigo ya vitambaa. Mstari hata mmoja hautoki. Mama huongea nami, lakini ni "leta mkasi", "washa taa". Ile sauti ya kuniita mwanangu sijaisikia tena tangu siku ile ya pasi.

Wewe unayeimba, unayeandika, unayetafuta kutoka kimaisha kwa nguvu zote: usimfute mtu wa nyumbani ili wageni wakulilie. Wageni watajifuta machozi, watahamia kwa msanii mwingine. Wewe utarudi nyumbani na begi lako, utabisha hodi, na wa kukufungulia ni yule yule uliyemzika.