Neno Nililoliruka

Ninafundisha Kiingereza Embu, na kama kuna neno linalonichosha kulifundisha ni "probably". Wanafunzi hulichukua kuwa ni "labda". Kila mwaka nawaambia hapana, ni zaidi ya labda. Anayelitumia anakaribia kusema ndiyo, ila hataki kuapa. Wananikodolea macho tu.

Mwaka jana mama alipata uvimbe kwenye titi. Nilimtoa kwetu Muthara nikamleta Embu, akapigwa picha, tukapewa barua ya Kiingereza: "probably" si saratani, arudi baada ya miezi sita. Nilifurahi. Nikamtafsiria kwamba yaelekea si saratani.

"Yaelekea?" akauliza, uso ukambadilika.

Shida ni kwamba kwetu hatukatai mtu waziwazi. Jirani akikwambia huenda akafika kwenye sherehe yako, humwekei chakula. Amekwisha kukataa, kwa heshima tu. Na mgonjwa haambiwi hali yake. Basi mama akaona daktari amemficha kifo kwa adabu. Nilimweleza wee, mpaka nikamchorea ngazi ninayowachorea wanafunzi ubaoni, "labda" chini, "hakika" juu, na "probably" karibu na juu. Wapi! Kufika nyumbani akaanza kugawa mbuzi. Sufuria kubwa akampa dada yangu, mistari ya miraa akamwonyesha kaka. Hali, halali. Dada akawa ananipigia simu kila asubuhi akilia, kana kwamba barua niliiandika mimi.

Nikachoka. Nikapanda hadi Muthara, nikaishika barua mbele ya mama, nikasoma kwa hasira: "Si saratani, mama. Daktari amesema." Lile neno nililiruka. Jioni hiyo alikula akashiba, na kesho yake akaenda kudai sufuria yake.

Miezi sita ikaisha, nikaenda kumchukua. Alikuwa akipalilia maharagwe, wala hakuinuka.

"Mimi ni mzima. Si wewe ulisoma mwenyewe? Sasa tunaenda huko kufanya nini?"

Nilimbembeleza, nikagomba, nikambembeleza tena. Hakubanduka. Mwishowe ikabidi nimwambie kweli, kwamba kuna neno nililiruka, na niliona aibu kama mtoto. Aliweka jembe chini, akafuta mikono kwa leso, akaniambia nisome tena, polepole, nisiache chochote.

Nikaikunjua barua. Nilipofika pale penyewe, mwalimu mzima, nikalisoma kwa Kiingereza, "probably", kwa kuwa Kiswahili chake sikuthubutu tena kukitamka.