Kigoda Kibaya

Mwanangu wa miaka minne alimpiga mwenzake kibao kwenye chekechea yao hapa Kamachumu, kisa mwenzake alimkanyaga. Mwalimu alinieleza kwa upole, bila kunilaumu.

Jioni tulikaa jikoni tukimenya ndizi, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wifi yangu alisema ni katuni za kwenye simu. Mume wangu alisema ni utoto tu, utaisha. Mama mkwe alisema ukali huo haukutoka kwao. Nilishika kisu changu nikaendelea kumenya, maana ningefungua mdomo tungegombana.

Mara mtoto akaingia mbio, akajikwaa kwenye kigoda, akaanguka na kuanza kulia. Bibi yake akamwinua, kisha akakichapa kigoda kwa kiganja.

“Kigoda kibaya wewe. Kwa nini umemuumiza mjukuu wangu?”

Mtoto akanyamaza. Akafuta kamasi, akakichapa na yeye, kwa nguvu zake zote. Wote wakacheka, wakamsifu.

Mama mkwe akachukua ndizi nyingine, akauliza tena huyu mtoto kajifunza wapi kupiga.