Mbao za Baba Mferejini

Mwezi jana nilipanda Chome kumzika shangazi. Nikapita kwenye ndiva yetu, lile bwawa la udongo tulilokuwa tukikusanyia maji usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi. Limeota majani, mbuzi wanalisha humo. Nikakaa ukingoni nikalia, na si kwa ajili ya shangazi.

Zama hizo za Mwingereza, ndugu yangu, baba alikuwa mbebaji wa mbao. Kutoka msituni hadi liliposimama lori, mbao mbili kichwani, nusu siku ya mteremko. Jioni mama alimkanda shingo kwa maji ya moto, na harufu ya mbao mbichi ikazidi ile ya makande jikoni. Shingo ile ilikuwa inakwisha. Akitaka kuniangalia, ilibidi ageuke mwili mzima.

Siku moja ya masika akaniita, akatia ubao kwenye mfereji ulioshuka kutoka ndivani, akanipa kijiti. "Haya, sukuma." We! Ubao uliomwinamisha mwanamume mzima niliusukuma mimi, mtoto wa kike wa miaka minane, huku natafuna muwa. Siku hiyo tulishusha mbao kumi. Baba alicheka njia nzima. "Kumbe maji hayachoki!"

Basi akanogewa. Kiangazi maji yalipopungua, akafungua ndiva kabla ya zamu yake ili mbao zielee. Zikakwama kwenye kona, maji yakapanda, ukingo wa mfereji ukabomoka. Ndiva nzima ikamwagikia korongoni, na mahindi ya ukoo ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele.

Pembe ya msaragambo, kazi ya wote, ikapulizwa, kila nyumba ikatoa watu wa kuziba. Hakuna aliyeimba. Babu mgawa maji, wazee wenzake wakiwa nyuma yake, akamwambia baba mbele ya wote, "Mwanangu, maji haya ni ya mahindi. Mbao zako zibebe mwenyewe."

"Nimekosa, baba," akamjibu mzee.

Mahindi yalikauka. Tulichimba hadi mizizi ya migomba tukala. Kwa njaa hiyo baba akarudi kubeba, na masika yaliyofuata akawa anapita kando ya mfereji uliofurika, mbao mbili kichwani. Shingo ikakataa, akaanguka, asiinuke tena.

Wanaume wanne walimleta nyumbani wakihema, amelazwa juu ya ubao wake. Nikamuuliza mama mbona hawakumpitisha majini.

Wale wazee nina hasira nao mpaka leo. Na walikuwa wanasema kweli.