Kondoo Waliopiga Kura Australia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoapa mbele ya darasa zima kwamba kule Australia kondoo hupiga kura. Usicheke bado.

Miaka ya themanini ilikuwa inaenda ukingoni, nami nikisoma ngumbaru hapa Kisumu, jioni baada ya kazi. Tulikuwa na kitabu kikuukuu kisicho na jalada, kizito kama jiwe la kusagia. Ndani mlikuwa na matokeo ya uchaguzi wa jimbo moja la Australia, wa zamani, miaka ya hamsini. Chama kimoja kilipata kura nyingi, lakini kingine ndicho kilichounda serikali. Nilisoma ukurasa ule mara mia. Wahenga walisema wengi wape; hawa wengi mbona walinyimwa?

Ochieng, fundi baiskeli niliyekaa naye dawati moja, alinijibu bila kupepesa jicho.

"Kule kondoo ni wengi kuliko watu. Na wao huhesabiwa."

"Kondoo anashikaje karatasi?" nikamuuliza.

"Omera, ndugu yangu, kwato inachovywa kwa wino. Kwani wewe unasoma nini?"

Nikaamini. Aliyeonja elimu kidogo, mwanangu, huona aibu kuuliza mara ya pili.

Mwezi huo nikaenda Usenge, kule ufuoni mwa ziwa, kumwona mama yangu mdogo, Mama Atieno, aliyekuwa akianika omena, vile visamaki vidogo, na wenzake. Wenye mashua walitaka kujenga stoo ya barafu palepale pa kuanikia, na kamati ya watu watatu ndiyo ingeamua. Wenye mashua hao walikuwa wameleta karatasi: ufuo ugawanywe sehemu tatu, penye mashua zao, penye nyavu zao na penye omena, kila sehemu imchague mtu wake mmoja. Mama Atieno angegombea penye omena.

"Nyathina, mtoto wangu, wewe ndiye msomi wetu," akasema, akinipa ile karatasi. "Tuweke kidole ama tukatae?"

Nikaisoma kwa sauti ya kufika Uganda. "Mama, nyinyi wanawake mnapita themanini, wao hawafiki ishirini. Na hapa Usenge hakuna kondoo. Weka kidole."

Akaweka.

Siku ya kura kila mtu alisimama nyuma ya amtakaye. Mstari wa Mama Atieno ulikuwa mrefu hata nusura uingie ziwani. Kule kwa mashua na kwa nyavu, mistari ilikuwa mifupi kama mkia wa mbuzi. Tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Kisha kamati ikakaa: wawili wakakubali stoo ijengwe, mmoja akakataa. Wiki haikuisha, wanawake wakawa wanaanika omena kando ya njia, mbuzi wakipita juu yake.

Mama Atieno akanitazama. "Msomi, hebu nieleze. Tulishinda ama tulishindwa?"

Mimi niliyejua kila kitu nikaanza kufukuza mbuzi.

Niliporudi Kisumu nilimsimulia mwalimu wetu, mzee Owuor, yaliyotukuta, nikaapa kwamba kule Australia kondoo hupiga kura, nikauliza kama huenda wale mbuzi wa Usenge nao walihesabiwa. Darasa likaangua kicheko. Ochieng akawa anatafuta kitu chini ya dawati. Mwalimu hakucheka. Alichora visanduku vitatu ubaoni, kimoja akakijaza vidoti, viwili akavitilia vichache tu.

"Hakuna kondoo aliyepiga kura, Bwana," akasema. "Kule Australia watu wengi wa mjini walipewa viti vichache, watu wachache wa mashambani wakapewa viti vingi. Aliyechora mipaka alishinda kabla ya siku ya kura. Sasa huko Usenge, nani alichora?"

Nikakaa chini.

Mwanangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiletewa karatasi, usikimbilie kuhesabu watu wako. Uliza kwanza ni nani aliyegawa, na amejigawia nini. Na usipojua, sema sijui. Neno hilo moja, ningelitamka, lingeokoa uwanja wa wanawake themanini. Mungu akupe macho ya kuuona mstari kabla hujasimama ndani yake, na watu wako wasianike omena njiani kwa sababu ya usomi wako.