Kabari ya Mlango wa Bafu

Shangazi yangu ametengeneza meno ya watu wengi kiasi kwamba akipita barabarani hasalimii sura, anasalimia kazi yake. Mtu akicheka, yeye anainamisha shingo kuangalia kama safu ya juu bado imekaa sawa. Siku moja alimsimamisha mzee mmoja wa heshima, karani mstaafu wa mahakama, mlangoni mwa duka la dawa, akamwambia, "Baba, hayo ni ya kwangu, na unayatafunia barafu. Nimesikia." Mzee wa watu akafumba mdomo kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno. Kuna benchi refu, sufuria ya kuyeyushia nta, ndoo ya plasta, na mizani ndogo inayopima hata unyoya. Miaka ishirini na minane amekaa pale akichonga magego. Jino la bandia likizidi kwa unene wa karatasi, mwenyewe hali wala halali, na Shangazi hapendi kuamshwa na simu za watu wasiolala. Kwa hiyo hazidishi. Namwelezea hivi mapema ili mtu asije akadhani habari ya meli ilianza kwa bahati.

Ilianza na kitabu changu. Nilikiazima maktaba nikiwa bado nasoma diploma, na kikakaa kwangu muda mrefu kuliko diploma yenyewe. Shangazi alichoka kukiona, akakirudisha kwa mkono wake, na pale chini ya ngazi za maktaba akakutana na kabati la kioo limejaa meli ndogo. Meli za mizigo, meli za abiria, tagi za kuvutia nyingine bandarini, kila moja urefu wa mkono wa mtu, zimetengenezwa na chama kinachokutana ghorofa ya juu kila Jumamosi asubuhi. Mbele ya kila meli kuna kadi. Desturi ya chama ni kwamba kadi inaandikwa mambo matatu tu: jina la meli, jina la aliyeitengeneza, na jina na cheo cha mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ndani ya meli ile kubwa iliyoigwa.

Shangazi alizisoma kadi zote. Nahodha, nahodha, nahodha, injinia mkuu, nahodha.

"Hizi meli watu walikuwa hawali?" akamuuliza mkutubi.

"Samahani, mama?"

"Sioni mpishi hata mmoja."

Babu yangu, baba yake, alikuwa mpishi wa meli ya abiria na mizigo kwa miaka ishirini na miwili. Alikwisha fariki, na meli nayo ilikatwakatwa ikauzwa vyuma. Shangazi alipanda ngazi siku ileile, akafungua mlango wa chama bila kubisha, akasema anataka kujiunga. Hakusema anaomba.

Chama chenyewe ni wanaume tisa na harufu ya gundi. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anavaa kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kukosolea. Anayemfuata kwa sauti ni fundi mapazia tunayemwita Kepteni, ambaye meli pekee aliyowahi kupanda ni ile ya kwenye kalenda, lakini akizungumza utadhani amezaliwa baharini. Mimi ni katibu. Cheo hicho nilipewa na Shangazi, sio na chama. Aliwaambia, "Huyu aliacha chuo katikati, ana nafasi, na mwandiko wake unasomeka." Nikaandikishwa mbele ya macho yangu.

Sasa, kabla meli haijaingia kabatini, inapimwa. Katikati ya chumba kuna hodhi la bati lililojaa maji. Unaiweka meli yako, unarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Mwenyekiti anajimiminia kikombe cha chai na kukinywa hadi mwisho. Muda wote huo meli isimame wima. Ikizama, ikiegemea, umeanguka. Kila meli ina nafasi tatu. Ukianguka ya tatu, meli yako inapelekwa rafu ya watoto, pamoja na boti za plastiki, bila kadi. Bila kadi, ndio kusema bila jina la Babu. Hicho tu ndicho Shangazi alichokuwa anakitaka, na wote tulijua.

Alifanya kazi mwaka mzima. Mbavu za meli alizikata kwa msumeno wa kukatia plasta. Vyuma vya kushikia pembeni mwa sitaha alivipinda kwa waya uleule unaoshika meno ya watu. Boti za kuokolea maisha alizimimina kwa malighafi ya ufizi wa bandia, zikatoka za pinki, zimepangana ubavuni kama meli inacheka. Kepteni alicheka hadi akakaa chini. "Mama, hii meli inasafiri au inakwenda kung'olewa?"

"Inakwenda kukuuma," Shangazi akamjibu, na wiki iliyofuata alizipaka rangi nyeupe.

Lakini kilichonishangaza ni ndani. Wenzake wanaacha tumbo la meli tupu, kwa sababu sitaha ikishafungwa nani ataona? Shangazi alichukua ramani ya meli kwenye jalada la Mwenyekiti, akatengeneza kila kitu. Injini. Jiko. Tangi la maji. Magunia ya unga ya plasta. Kila kimoja alikipima kwenye ile mizani kwa uwiano wa uzito wake halisi, akakigundisha mahali pake pale ramani ilipoonyesha. Ndipo akafunga.

Jaribio la kwanza, chai haijafika nusu, meli ikaegemea kushoto. Sio kupinduka, hapana. Iliinama kidogo tu, kama mtu anayesikiliza kwa sikio zuri.

"Imeegemea," akasema Mwenyekiti, akabadilisha kalamu.

Shangazi akaifungua, akapima upya kila kitu kwa wiki sita. Injini sawa. Jiko sawa. Tangi sawa. Jaribio la pili, ikaegemea kushoto, kiasi kilekile. Safari hii alikuwa amekuja na picha ya zamani ya meli yenyewe ikiwa gatini, na kwenye picha kweli meli ilikuwa imeinama. Mwenyekiti aliiangalia kwa miwani, akaiangalia bila miwani.

"Mpiga picha alishika kamera upande," akasema. "Picha sio ushahidi, mama."

Siku hiyo Kepteni alimfuata Shangazi kwenye ngazi, akamtia kitu mkononi. Vipande vitatu vya risasi, vile anavyovishona kwenye pindo la pazia ili lishuke vizuri.

"Viweke ubavu wa kulia, chini ya sitaha," akanong'ona. "Itasimama kama askari. Unadhani zangu zinasimamaje? Hapa kila mtu anaweka."

"Kila mtu?"

"Mwenyekiti anaweka misumari."

Shangazi alivitia kwenye mkoba, akashuka ngazi. Nami nikadhani amekwisha kubali.

Jumapili tulikuwa kwa Bibi, familia nzima. Kwa Bibi kuna mlango wa bafu usiokaa wazi, unajibamiza wenyewe, na kwa hiyo tangu nilipoanza kutembea kuna kipande cha ubao kinachouzuia. Kirefu kuliko kiganja cha mtu mzima, upande mmoja unene wa kidole gumba, unazidi kukonda hadi upande wa pili unakuwa kama ukingo wa sahani. Kabari ya kawaida, imepakwa rangi ya kijani ileile ya mlango. Nimejikwaa nayo maisha yangu yote. Kidole changu kidogo cha mguu wa kulia hakina ukucha kwa sababu yake.

Basi siku hiyo nikajikwaa tena. Nikaipiga teke, ikateleza kwenye korido hadi miguuni kwa Shangazi aliyekuwa jikoni anamenya vitunguu.

"Unapiga vitu vya nyumba mateke, diploma umeshamaliza?"

"Shikamoo na wewe, Shangazi."

Akainama kuiokota. Rangi ilikuwa imebanduka pale nilipoipiga, na chini ya rangi kulikuwa na herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto. Akakwangua kwa kisu cha vitunguu. Upande ule mnene paliandikwa: KUSHOTO.

"Kaka!" akaita. Baba yangu akaja na gazeti lake. "Hii nini?"

"Kizuizi cha mlango, dada. Si unakijua."

"Imeandikwa kushoto."

"Kwani bafu liko wapi? Si kushoto kwa korido?"

Baba alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, kama mtu aliyekwisha lifikiria jambo akalimaliza. Shangazi aliilaza kabari mezani, akaweka juu yake ubao wa kukatia, akaweka kitunguu juu ya ubao. Kitunguu kikabingirika hadi sakafuni. Akakitazama kilivyokwenda, halafu akakaa kitini polepole.

"Baba alinipeleka jikoni kwake melini mara moja," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Vitunguu vilikuwa vinakimbia mezani, vyote upande mmoja, mimi nacheka navikimbiza. Baba akaniambia ngoja, akachomeka kitu chini ya ubao. Vikatulia."

"Mawimbi," akasema Baba.

"Tulikuwa gatini, wewe. Maji yametulia kama ya beseni."

Bibi, aliyekuwa amekaa pembeni akidhaniwa amesinzia, akafungua jicho moja. "Alirudi nayo siku ya kustaafu," akasema. "Akasema huku nchi kavu haina kazi tena. Ndio nikaitia mlangoni."

Shangazi akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mkobani. Mlango wa bafu ukajibamiza, kibao cha taulo kikaanguka.

"Dada, sasa mlango?"

"Ushike kwa mkono, kaka. Unao miwili."

Jumamosi ya jaribio la tatu chumba kilijaa. Hata mkutubi alipanda kutoka chini. Kepteni alikuwa na uso wa mtu anayejua siri, ananikonyeza kila dakika. Shangazi akaiweka meli majini, akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Mwenyekiti akamimina chai.

Meli ikaegemea kushoto.

Kepteni alitoa sauti kama tairi linalopoteza upepo. Shangazi akafungua mkoba, akatoa vile vipande vitatu vya risasi, akavipanga mezani kimoja kimoja, vikisikika tik, tik, tik. Hakusema vimetoka wapi. Wanaume wanane wakaanza kuangalia dari. Mwenyekiti aliangalia kikombe.

"Imeegemea," akasema. "Hii ya tatu, mama. Nasikitika."

"Ndiyo, imeegemea. Imeegemea nyuzi ngapi?"

"Unasemaje?"

"Wewe ni mwalimu wa hesabu. Imeegemea kiasi gani? Pima."

Hapo alimshika pabaya. Huwezi kumwambia mwalimu wa hesabu pima, akakataa. Akatoa kipimapembe cha mfukoni. Shangazi akachukua kipande kimoja cha risasi, akakifunga uzi wa kusafishia meno, akapata timazi, akakining'iniza kwenye mlingoti. Kikatulia. Mwenyekiti akapiga magoti mbele ya hodhi, pua karibu iguse maji.

"Nyuzi nne. Na kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kidogo. Chai imenitingisha mkono."

"Haya. Na hii?" Akamwekea kabari mezani. Mwenyekiti akapima unene, akapima urefu, akaandika hesabu yake kwenye mkono wa shati kwa kalamu ya kukosolea. Akapima tena.

"Nyuzi nne," akasema.

"Hii ni ya mpishi wa meli hiyo. Ililala chini ya ubao wake wa kukatia miaka ishirini na miwili, upande mnene kushoto, ili vitunguu visimkimbie."

"Mama, kwa heshima, hiki ni kizuizi cha mlango. Kina rangi ya mlango."

"Geuza."

Akageuza. Akasoma. Akaisoma tena kama vile neno lingebadilika.

"Mlango gani unahitaji kuambiwa kushoto?" akauliza Shangazi.

Nilimfikiria baba yangu, nikanyamaza kwa ajili ya heshima ya ukoo.

"Mimi sikuinamisha kitu," Shangazi akaendelea, sauti ileile anayotumia kumwambia mtu afungue mdomo. "Nimeweka jiko pale lilipokuwa na tangi pale lilipokuwa. Ramani ni yako. Meli imejiinamia yenyewe, kama ilivyofanya mama yake. Ukitaka isimame wima, risasi hizo hapo. Lakini hiyo itakuwa meli nyingine, na mpishi mwingine, mwenye vitunguu vitulivu."

Kepteni ndiye aliyevunjika kwanza. "Mwenyekiti," akasema, "zangu zote tatu zina risasi."

"Nyamaza, Kepteni."

"Nasema tu. Hii hapa ndiyo pekee iliyosimama kwa miguu yake."

Mwenyekiti aliinuka, akapangusa magoti. Akachukua kitabu cha kanuni, alichokiandika mwenyewe, akakifungua ukurasa wa jaribio la maji. Alisimama juu ya ule mstari, *meli isimame bila kuegemea*, muda mrefu kiasi kwamba chai yake ilipoa. Halafu, kwa kalamu ya kukosolea, akaongeza: *isipokuwa kama ile kubwa nayo iliegemea, na iwe imepimwa.* Akanipa nami nitie sahihi kama katibu. Kisha akanyanyua kikombe, akanywa chai ile ya baridi yote hadi mwisho, akiitazama meli. Meli haikusogea.

"Imefaulu," akasema. "Kadi iandikwe mpishi?"

"Mpishi," akasema Shangazi. "Kwa herufi kubwa. Mkutubi haoni vizuri."

Sasa meli ipo kabatini, rafu ya katikati, imewekwa juu ya kitako alichokichonga Shangazi mwenyewe chenye mteremko wa nyuzi nne, na kabari imelala mbele yake, neno juu. Watu wengine wakipita huinamisha kichwa kidogo kuitazama, bila kujua kwa nini. Kepteni ameanza kuzifungua meli zake moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilizama kabla chai haijamiminwa, na hajawahi kuwa na furaha kiasi kile.

Kwa Bibi mlango wa bafu unajibamiza mchana kutwa. Baba alijaribu tofali, akajikwaa. Sasa anaweka kandambili yake ya mguu mmoja, kisha anazunguka nyumba nzima akiuliza ni nani aliyeiona.