Kiti Kimoja na Mlango wa Ndama

Safari nzima ilikula shilingi laki mbili na elfu kumi na nne. Nimejumlisha mara mbili, kwanza kwa simu na kisha kwa kichwa, kwa sababu siamini kitu chenye betri. Ndani yake mna tiketi mbili za kwenda Afrika Kusini na kurudi, chumba cha vitanda viwili, na mtamba wa mjomba aliyeuzwa sokoni Ndanai ili mwenyewe apate kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha ndege ya kivita. Mimi nauza spea za magari makuukuu pale Kericho, lakini moyo wangu uko juu. Niko kwenye kundi la simu la watu wanaopenda ndege zilizozeeka, watu wa nchi mbalimbali ambao nilikuwa nawajua kwa sauti tu. Kila mwaka wanakutana mahali kuona ndege za jeshi za zamani zikiwashwa. Mwaka jana wakaandika kwamba safari hii kuna Strikemaster, jeti ndogo ya viti viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, na kwamba kiti cha pili kitauzwa kwa mtu mmoja, mzunguko mmoja.

Nilimsomea mjomba ujumbe huo akiwa anakamua. Ujanani alikuwa jeshini upande wa ndege, na kazi yake ilikuwa kuzisukuma kutoka bandani asubuhi na kuzirudisha jioni. Mikono ikasimama.

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, mjomba."

"Nimezisukuma mpaka mgongo ukakubali. Hakuna hata moja ilinibeba." Akaendelea kukamua. "Bei?"

"Bei niachie mimi, nitaishusha."

Asiye wa kwetu ajue kwamba ndugu ya mama si mtu wa kukosewa. Wengine wakikasirika wanapiga kelele, yanaisha. Mjomba akinyamaza tu, ng'ombe wako wanaanza kukohoa. Kwa hiyo niliposema aniachie bei, nilikuwa nimeweka zizi langu lote rehani.

Uwanja ulikuwa mdogo, nyasi na ukanda mmoja wa lami, mwendo wa saa moja kutoka Pretoria. Langoni mjomba alisimama akanusa. Mafuta ya jeti ni ndugu ya mafuta ya taa; mahali pote palinuka koroboi. Wazee wenye mvi walikuwa wanakimbia kama watoto wa nasari waliosikia kengele, kamera shingoni, lenzi ndefu kama vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando ya kwetu. Ndege moja yenye pangaboi puani ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Nilipojiangalia nilikuwa nimeng'ang'ania bega la Mjerumani nisiyemjua, naye hakulalamika.

Kiti kilikuwa kinauzwa mezani, chini ya hema. Bwana mmoja mwenye kofia akasema randi elfu kumi na mbili. Sasa, mimi nimelelewa sokoni Ndanai. Pale bei ya kwanza ni salamu. Unaijibu kwa nusu, mwenye mali anacheka, unaongeza kidogo, halafu unampa mgongo na kuondoka taratibu ukitazama mbuzi wengine. Hufiki mbali kabla hujaitwa. Kila kitu nilicho nacho kilinunuliwa hivyo. Hata mahari yangu ilipungua ndama mmoja kwa njia hiyo.

Nikasema saba. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua itanyesha. Nikasema nane, taslimu. Akasema kumi na mbili. Nikampa mgongo.

Nikaondoka taratibu. Hatua ya tatu nikaifupisha, kumpa nafasi. Nyuma yangu nikasikia mashine ya kadi ikilia tii. Mama mmoja Mskoti aliyenifuata kwenye foleni, kofia yake imejaa beji, alikuwa amelipa.

Mjomba alikuwa ameona yote.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilikuwa nangoja aniite."

"Akuite nani? Anakujua?"

Halafu akanyamaza. Nikawafikiria ng'ombe wangu, mmoja mmoja.

Nilirudi mezani na kumi na mbili, kisha na kumi na tatu. Bwana akasema kiti ni kimoja. Nikamwendea yule mama, naye akasema amekingoja kiti hicho miaka. Hapo nikaanza kubembeleza, jambo ambalo wanunuzi wangu wa Kericho wangelipa kuliona.

Mjomba akanisogeza kando. Kiingereza chake ni cha jeshini, kimenyooka kama gwaride.

"Mama, hiyo ndege nilikuwa naisukuma."

"Ulikuwa rubani?"

"Nimesema kusukuma."

Mama akacheka, akamvutia kiti cha turubai. Nikatumwa chai, nikaileta, chai ya kumtia aibu mtu wa Kericho. Niliporudi mjomba alikuwa anaeleza habari za ndege ya vita vya wazungu iliyoangukia msitu wa Mau kabla hajazaliwa. Rafiki yake wa Kimulot, kando ya msitu huo, anao mlango wa ndege hiyo. Amefungia zizi la ndama, na namba zake bado zinasomeka.

"Kuna picha yake popote?" Sauti ya mama ilikuwa imeshuka.

"Hakuna."

"Nani ameuona?"

"Ndama."

Kwa watu wa aina yetu, kitu ambacho mwenzako hajakiona kinapita pesa. Mama akainywa ile chai yote, kisha akatoa mkono. Mjomba atapanda. Yeye atakuja Kimulot Desemba, aufungue mlango huo kwa mkono wake. Nikamrudishia randi zake elfu kumi na mbili kamili. Nilizihesabu mara mbili, nikitumaini mara ya pili zitapungua.

Wakamvisha helmeti, wakamfunga mikanda, kioo kikashuka. Jeti ikaanza na mluzi mwembamba kama wa birika, mluzi ukawa kilio, kilio kikaingia kifuani. Ikakimbia, ikaacha lami, ikalalia ubavu kwenye jua. Iliporudi ilipita juu yetu chini chini, na mimi ambaye simpungii mtu mkono bila sababu nilikuwa nimevua koti na kulizungusha hewani. Mama Mskoti alikuwa analia na kupiga picha kwa pamoja. Sikuhesabu chochote.

Mjomba alishuka, akaukataa mkono wangu. Akaipiga bawa kofi moja, kama anavyompiga ng'ombe akimaliza kumkamua.

"Sasa tumelipana," akaiambia.

Desemba inakaribia. Mama ameandika kwamba anakuja, na kundi limesikia, kwa hiyo watakuwa tisa. Wiki iliyopita nilipanda Kimulot kumwambia mwenye ndama asiuguse mlango. Nilichelewa. Alikuwa amesikia wageni wanatoka ng'ambo, na kwetu mgeni hapokelewi na kitu kilichochakaa. Ameupaka rangi ya mafuta ya kijani, iliyobaki walipopaka milango ya kanisa, akarudia mara ya pili ishike. Namba hazionekani. Alisimama kando yake akingoja nimsifu, nikamsifu.

Nikampigia mjomba. "Mimi niliahidi mlango," akasema. "Rangi ni yako." Halafu akanyamaza, na tangu jana yule ng'ombe wangu mweusi anakohoa.

Kwa hiyo nauliza. Petroli nimeonywa, msasa nimekatazwa. Kama kuna msomaji aliyewahi kutoa rangi ya mafuta kwenye bati la ndege bila kufuta namba zilizo chini yake, anieleze afanyavyo. Bei ataje mwenyewe, na safari hii simpi mtu mgongo.